Mgeni Kwenye Simu ya Maktaba

Siku aliyong'olewa jino, Mama Vidokezo hakusema neno na kiumbe yeyote. Shavu lilikuwa limevimba kama ameficha limau, pamba imejaa kinywani, akashinda kitandani akijibu watu kwa kichwa na mikono. Kwa hiyo kesho yake, aliporudi kazini maktabani na mwanafunzi mmoja wa kike akamjia kaunta akicheka hadi gego, hakuelewa alichokuwa akiambiwa.

"Mama, ahsante kwa jana. Bila wewe mpaka sasa ningekuwa nalia."

"Jana lini, mwanangu?"

"Jana mchana, si nilipiga ile simu ya maktaba? Nilisahau neno langu la siri la kufungulia majarida ya mtandaoni. Ukanielekeza, halafu tukaongea weee, mpaka ukanitoa hofu ya mtihani."

"Jana mimi sikuwepo."

Binti akacheka zaidi, akidhani anataniwa. "Mama naye! Sauti yako inipotee mimi?" Akachukua kitabu chake akaenda zake.

Kweli sauti ile haikuwa ya kumpotea mtu. Ndiyo iliyompa mama huyu jina. Kila Jumatatu asubuhi ilisikika kwenye spika za chuo kizima ikitoa habari za maktaba na za kompyuta: printa zimehamia ghorofa ya chini, intaneti ya hosteli itakatika kwa matengenezo, usimpe mtu neno lako la siri hata kama ni mchumba, kwa maana uchumba huvunjika na neno la siri likabaki. Wanafunzi waliokuwa wakikimbilia darasani walisimama kumsikiliza. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, wahenga walisema, na yake yangemtoa nyoka akaja mwenyewe kujilaza miguuni.

Ndiyo maana muhula ule, chuo kilipoanzisha simu inayojibu yenyewe, hakuna aliyeuliza itumike sauti ya nani. Kazi ya kurekodi alipewa fundi wa kompyuta, kijana mwembamba waliyemwita Fundi Waya. Fundi Waya alitafuta mahali pasipo na kelele akapakosa, mpaka akakumbuka chumba kilichokuwa chini ya maktaba, kilichofungwa tangu maji yalipoingia yakaozesha vitabu. Funguo hazikujulikana ziliko. Akakata kufuli.

Huko chini, chini ya taa ya mkononi, Mama Vidokezo alisoma: "Karibu maktaba. Kuongeza muda wa kitabu, bonyeza moja. Kupata msaada wa kompyuta, bonyeza mbili."

"Umesoma kama tangazo la msiba," Fundi Waya alimwambia. "Sema kwa moyo, mama. Kama unamkaribisha mtu nyumbani kwako."

Mama Vidokezo akainua uso, akatazama giza lililokuwa ng'ambo ya taa, akatabasamu. "Karibu," akasema. "Karibu sana. Jisikie uko nyumbani."

Nywele zikamsimama shingoni. Chumba kilinuka ghafla kama mtu aliyechomwa nywele. Fundi Waya akasema ni waya tu, waya mbovu hunuka hivyo, wakafunga kazi wakapanda juu.

Sasa, baada ya maneno ya yule binti, alimfuata fundi kwenye kijichumba chake kilichojaa kompyuta zilizofunguliwa matumbo.

"Ile simu inaweza kuongea na mtu?"

"Inaweza kusema ulichosema wewe. Haina akili ya kuongeza hata nukta."

"Hebu piga."

Fundi akapiga, akaweka sauti kubwa. "Karibu maktaba," ikasema. Moja, mbili, tatu, yote kama ilivyorekodiwa. Fundi Waya akainua mabega kama anayesema, unaona? Akanyoosha kidole kukata.

"Jino linauma bado?" ikauliza simu.

Kwenye laini kulisikika mtu akimeza mate, taratibu, kama anayeonja kitu.

"Pole," ikasema sauti ya Mama Vidokezo. "Sisi tulilisikia likitoka."

Fundi Waya akachomoa waya ukutani.

Walikwenda pamoja kwa mkuu wa maktaba, mtu wa suti na manukato, aliyependa kusifiwa kuliko mshahara. Aliwasikiliza huku akijitazama kwenye kioo cha kabati.

"Mnajua wiki hii simu ngapi zimepigwa?" akauliza. "Wanafunzi wanaipenda. Mkuu wa chuo amenipongeza mbele ya watu. Halafu nyinyi mnataka niizime kwa sababu ya nini? Jini?"

"Bosi, ilijua habari za jino langu."

"Chuo kizima kinajua habari za jino lako, shavu hilo nani halioni? Kama sauti yako mwenyewe inakutisha, mama, nenda kaoge upumzike. Fundi, rudisha waya."

Waya ukarudi. Kwa siku za mwanzo simu ile ilikuwa rehema. Ilimwambia mwanafunzi kitabu alichokipoteza kiko chini ya kitanda cha nani. Iliwakumbusha watu maneno ya siri waliyoyasahau wao wenyewe, jambo ambalo hata Fundi Waya hakuwa na uwezo nalo. Wengine walianza kuipigia kwa upweke tu. Kisha ikaanza kuuma.

Kijana mmoja wa uhandisi alipiga kuomba aongezewe muda wa kitabu. "Uongezewe muda wa nini?" sauti ilimwuliza kwa upole. "Wako wewe mwenyewe haufiki Ijumaa." Kijana akacheka, akawahadithia wenzake mezani, wakacheka wote. Alhamisi aliteleza bafuni hosteli, kisogo kikapiga ukingo wa sinki. Kabla ya jua kuzama alikuwa maiti.

Yule binti wa neno la siri naye alipiga tena. Safari hii sauti haikumfundisha kitu. Ilimsimulia, mmoja baada ya mwingine, yale rafiki zake waliyokuwa wakimsema akiondoka chumbani, na kila alipotaka kukata ilimwambia, "Ngoja, mwanangu, bado la mama yako." Akawa hali. Akawa haogi. Akaja kuchukuliwa na kaka yake, amefunikwa shuka kichwani, ameziba masikio kwa viganja, na viganja vile hakuna aliyeweza kuvitoa.

Watu wangefanya nini? Sauti waliijua ni ya nani. Mama Vidokezo akipita kwenye ujia, mazungumzo yanakatika. Akikaa kwenye chumba cha chai, viti vya jirani vinakuwa vitupu. Mama wa yule kijana marehemu alikuja mpaka kaunta, akamtazama bila kulia, akamtemea mate usoni.

"Si mimi, mama," alisema Mama Vidokezo, mate yakimtiririka. "Naapa si mimi."

Yule mama aliposikia hivyo alipiga yowe akaanguka, kwa maana sauti iliyoapa ndiyo ile ile mwanawe aliyomwigizia kwa simu, akicheka, siku mbili kabla ya kufa.

Fundi Waya hakungoja ruhusa tena. Aling'oa mashine nzima, akaitoa kadi zake za ndani, akaiweka mezani kwake kama samaki aliyetumbuliwa. Alipogeuka kutafuta bisibisi, ikaita. Haikuwa na waya, haikuwa na umeme, iliita kwa sauti ya kengele ya zamani, na chumba kikajaa harufu ya nywele zilizoungua.

"Pokea, Fundi," ilisema bila kupokelewa. "Au unaogopa mwanamke?"

Alikuja mbio kwa Mama Vidokezo, midomo imemkauka. "Mama, mimi sikuamini. Nisamehe. Nilidhani ni mtu anatuchezea."

"Na sasa?"

"Sasa sitaki kulala peke yangu."

Jioni ile, kwa kutafuta tu mtu wa kumfariji, Mama Vidokezo alimpigia mama yake mzazi. Mama huyo alikuwa kizee kipofu, aliishi mji mwingine, mwendo wa saa kadhaa kwa basi, katika chumba alichoangaliwa na jirani. Mama Vidokezo ndiye mtoto wake wa mwisho, na ndiye pekee aliyebaki hai.

"Kitinda!" kizee alishangilia. "Umesahau nini tena? Si tumemaliza kuongea sasa hivi?"

Mama Vidokezo alikaa chini, pale pale alipokuwa amesimama.

"Tumeongea?"

"Na jana, na juzi. Hata jirani anasema nimenawiri. Zamani ulikuwa unanipigia kwa mwezi mara moja, tena mbio mbio kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Sasa unanisikiliza mpaka usingizi unanichukua. Mungu akuweke, mwanangu. Nilikuwa nimeshajihesabu nimekufa."

"Mama," alisema. "Mama, anayekupigia siyo mimi."

Kizee akasema polepole, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, "Usinifanyie hivyo, Kitinda. Kama umechoka, sema umechoka."

Alimsihi asipokee simu tena. Kizee alimwitikia ndiyo, ndiyo, kwa sauti ya mtu asiyekusudia kutii, na alipokata, Mama Vidokezo alipiga tena mara moja akakuta laini inatumika.

Mtabibu wa majini waliyemtafuta alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kiume, fundi wa viatu kwa siku za kazi, gundi haikumtoka kuchani. Alikuja Jumapili mchana, maktaba ikiwa imefungwa, na bakuli la maji na mfuko wa chumvi. Hakuuliza mengi. Alipofika juu ya ngazi za kushukia kile chumba alisimama, akavuta pumzi kwa pua, akatikisa kichwa.

"Huyu hakuvunja mlango," alisema. "Amefunguliwa. Nani alimkaribisha?"

Mama Vidokezo akainua mkono kama mwanafunzi.

"Basi dawa yangu itamshika tu. Kumtoa utamtoa wewe. Mgeni uliyemkaribisha kwa kinywa chako, ni kinywa hicho hicho kitakachomwambia aondoke. Atakujibu. Atakutukana. Atakwambia mambo ya kweli, hayo ndiyo mabaya zaidi. Wewe neno lako liwe moja: toka."

Wakashuka. Fundi Waya alitangulia na taa kwa kuwa alijua njia, na kwa kuwa aliona haya kubaki nyuma ya wanawake wawili. Rafu zilizooza zilisimama pande zote, vitabu vimevimba kwa maji ya zamani mpaka vimepasua migongo yao. Mtabibu akamwaga chumvi mlangoni, akanyunyiza maji pembe nne, akampa Mama Vidokezo ishara.

"Toka," alisema Mama Vidokezo.

"Toka," sauti yake ikamjibu kutoka nyuma ya rafu, kwa upole ule ule wa Jumatatu asubuhi.

"Toka!"

"Toka wewe. Nani kakaa hapa siku nyingi zaidi? Nani anampigia mama yako kila jioni? Unajua ana kidonda mguuni? Hujui. Mimi najua, mimi nimeuliza."

"Usimjibu!" mtabibu alinong'ona.

"Toka!" alipiga kelele Mama Vidokezo, na safari hii kitu kilitoka kweli, si nje bali karibu, hakikuwa na umbo ila uzito, giza lililosogea ndani ya giza, likaja na harufu ile ya nywele na ya udongo wa kaburi lililofukuliwa, na taa ikaanza kufifia mkononi mwa Fundi Waya, naye akiipiga piga kwa kiganja huku akisema jamani, jamani, na kabla hajaimaliza jamani ya tatu waya mmoja uliokuwa umelala sakafuni siku nyingi, waya ule ule alioutumia kurekodia, ukanyanyuka bila mkono wa kuunyanyua, ukapanda mgongoni mwake taratibu kama mtu anayemvisha mwenzake tai, ukazunguka shingo, ukamvuta juu mpaka miguu ikaacha sakafu. Taa ikaanguka. Kwenye mwanga wa sakafuni walimwona Fundi Waya akipiga teke hewani, macho yamemtoka, na mtabibu amemning'inia miguuni akimvuta chini kisha akitambua kwamba kumvuta ndiko kunakomnyonga, akimwachia, akimwaga chumvi, akimwaga maji, akilia kwa sauti yake nzito kama ng'ombe.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," ilisema sauti ya Mama Vidokezo, sasa sikioni mwake kabisa, pumzi yake baridi ikiingia ndani. "Nimekuja. Sasa nani apone? Naondoka, umenifukuza, nimesikia. Ila mgeni haagwi mikono mitupu. Nimchukue fundi, au nichukue hiki nilichozoea?"

"Nini?" alilia. "Umezoea nini?"

"Si hicho unachonilizia?"

Miguu ya Fundi Waya ilikuwa inapunguza mateke. Mama Vidokezo hakufikiri, na baadaye, alipopata muda wa kufikiri, hakuona kama angejibu vingine.

"Chukua!" alipiga ukelele. "Chukua yangu, mwache mtoto wa watu!"

Ilikuwa mara ya mwisho sauti ile kutoka kinywani mwake. Alihisi vidole vikiingia kinywani, virefu, vikipita ulimi, vikishuka kooni bila haraka kama mtu anayetafuta sarafu ndani ya mfuko, vikashika, vikavuta. Waya ukalegea. Fundi Waya akaanguka juu ya vitabu. Chumba kikawa chumba tu, chenye ukungu na panya.

Mtabibu alikaa sakafuni akihema. "Ametoka," alisema. Kisha akamtazama mama wa watu aliyekuwa akifungua na kufunga mdomo bila kutoa kitu, akageuza uso. "Ametoka, lakini amebeba."

Daktari alimmulika koo akasema ni zima, hana la kutibu. Kilichobaki ni mkwaruzo, kama bati linaloburutwa juu ya zege, na hata huo ulimtoka kwa maumivu. Mkuu wa maktaba alimpa pole kwa mkono, akamhamishia chumba cha nyuma kubandika gundi vitabu vilivyochanika, akaleta msichana mwingine kutoa matangazo. "Unaelewa, mama, kaunta inataka mtu anayeongea." Fundi Waya, mwenye alama nyekundu iliyozunguka shingo, wiki ya kwanza alikuja kumsalimu kila asubuhi. Ya pili alimpungia mkono kwa mbali. Baadaye akawa akimwona anageuza njia, maana kila alipomtazama alihisi waya shingoni. Shukrani ya punda ni mateke.

Mashine ya simu iliteketezwa. Maktaba ikatulia. Hakuna aliyeuliza yule aliyefukuzwa alikwenda kukaa wapi.

Mama Vidokezo aliuliza, ila moyoni, na siku ya kwanza aliyopewa ruhusa alipanda basi kwenda kwa mama yake.

Alimkuta mchana, kizee ameketi ukingoni mwa kitanda, kweli mguu mmoja umefungwa kitambaa, simu ndogo imelala mapajani. Jirani alikuwa uani akifua. Mama Vidokezo aliingia kimya, akapiga magoti, akaichukua mikono ile iliyosinyaa akaiweka usoni pake.

Vidole vilitembea. Paji la uso. Kovu la nyusi, alipoangukia kizingiti utotoni. Kidevu. Uso wa kizee ukafunguka.

"Kitinda! Umekuja! Mbona hukuniambia jana?" Akamshika mashavu, akambusu kichwani. "Mbona huongei, mwanangu? Unalia?"

Alijitahidi. Alikusanya nguvu zake zote akalisukuma neno mama, na kilichotoka ni mkwaruzo wa bati. Kizee akashtuka. Mkono mmoja ulibaki shavuni.

Simu ikaita mapajani.

Mama Vidokezo aliidaka, lakini vidole vya kipofu viliijua simu yake kuliko macho ya mtu, vikawa vimeshabonyeza.

"Shikamoo, mama," ilisema sauti ile nzuri, ikajaza chumba. "Umekula?"

Kizee akaigeukia simu. "Kitinda? Uko wapi?"

"Niko kazini, mama, hapa maktabani. Mbona unatetemeka? Uko na nani?"

"Nime... nimemshika mtu. Ana uso wako."

Sauti ikashuka, ikawa ya mtu anayemwogopea mama yake. "Mama, toa mkono polepole. Hajasema kitu, sivyo? Hawezi. Majini huiba sura, mama. Sauti hawaiwezi."

Mkono ukaondoka shavuni kama umeguswa na moto. Mama Vidokezo akaushika tena, akaukandamiza usoni pake, kwenye kovu, kwenye machozi, huku bati likikwaruza kooni mwake, mama, mama, na kadiri alivyokwaruza ndivyo kizee alivyopiga mayowe akirudi nyuma kitandani mpaka mgongo ukagonga ukuta.

Jirani alikuja mbio na povu mikononi. Alimtazama aliyepiga magoti. Alimfahamu, alishamwona mara nyingi. Akafungua kinywa kumwita. Kisha akaisikia simu.

"Jirani yangu, uko hapo?" ililia sauti. "Nakuomba msaidie mama. Nakuomba, dada, mimi niko mbali."

Jirani alitazama simu, akatazama uso, akatazama simu. Mtu hawezi kuwa chumbani na kwenye simu kwa wakati mmoja. Akachukua mti wa ufagio. Alimpiga kwa macho yaliyofumbwa, akilia, mabegani, kichwani, popote ulipofika, mpaka akamtoa nje, na komeo likasikika likiingia.

Mama Vidokezo aliupiga mlango kwa viganja. Kupitia dirisha lenye nondo alisikia wanawake wawili wakihema, na juu ya kuhema kwao, sauti yake mwenyewe, tulivu, ikibembeleza.

"Umeona sasa, mama? Hapo si mahali pa kukaa peke yako. Kesho asubuhi nakuja kukuchukua. Tutakaa pamoja."

"Nitajiandaa, mwanangu," alisema kizee, akijifuta pua. "Lakini bado anagonga. Unamsikia?"

"Namsikia. Mwache agonge. Atachoka."